Shoka liliishia mpakani: jinsi Warumi walivyoifunga amri ya jeshi, na jinsi ilivyowaponyoka

#1 Mchimba Kale (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuweka kiporo muda mrefu, maana kila nikiugusa naukuta una mizizi mirefu kuliko nilivyodhani. Mada ni amri ya jeshi kwa Warumi wa kale: nani aliruhusiwa kuamuru, wapi, kwa muda gani, na nani aliweza kumwambia "basi, inatosha". Wengi wetu tukisikia Roma tunarukia moja kwa moja kwa Julius Caesar. Mimi naomba tuanze na shoka.

Kiongozi mkuu wa Roma alipotoka, mbele yake walitangulia watu walioitwa malikta, kila mmoja amebeba begani fungu la fimbo lililokazwa kwa kamba za ngozi. Msafara ukiwa nje ya mji, katikati ya fimbo huchomekwa shoka. Fimbo za kuchapia, shoka la kukatia kichwa. Aliyeuona msafara ule alijua mara moja mwenye nao anaweza kumfanya nini. Lakini kiongozi huyohuyo akirudi na kufika kwenye mpaka mtakatifu wa mji, ulioitwa pomerio, mashoka yalichomolewa. Ndani ya mpaka, raia aliyehukumiwa kifo alikuwa na haki ya kukata rufaa mbele ya wananchi wenzake. Nje ya mpaka, jeshini, kwa karne nyingi haki hiyo haikuwepo. Mtu mmoja, hatua chache tu mbele au nyuma, na mamlaka yake juu ya shingo yako yanabadilika.

Mamlaka hayo waliyaita imperium, neno lililotoka kwenye kitenzi cha kuamuru. Mwenye nayo akishinda vita, askari wake walimshangilia kwa jina la imperator. Kwetu hilo halina ugumu: amri na amiri ni ndugu wa mzizi mmoja, na mpaka leo tunasema amiri jeshi mkuu. Kwa hiyo humu nitaiita "amri kuu".

Kwa simulizi za Warumi wenyewe, amri kuu ilikuwa mali ya wafalme mpaka mwaka 509 KK, walipomfukuza Tarquinius, mfalme wao wa mwisho. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Watu waliochoshwa na mfalme wangeweza kuivunjilia mbali amri yenyewe. Hawakufanya hivyo, kwa sababu walikuwa na maadui kila upande na jeshi lisilo na amri ni umati tu wenye mikuki. Waliiacha na ukali wake wote, shoka na fimbo, wakaifunga kamba. Waliwapa watu wawili badala ya mmoja, ambao baadaye waliitwa makonsuli, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Waliwapa mwaka mmoja tu. Na aliyewachagua ni jeshi lenyewe likiwa limevaa kiraia: wananchi walijipanga kwa makundi ya kijeshi kwenye uwanja wa Mars, nje ya pomerio, kwa kuwa mkutano wa namna ile haukuruhusiwa kukaa ndani ya mji. Bendera nyekundu ilipepea juu ya kilima cha Janiculum muda wote wa kura. Ikishushwa tu, mkutano umevunjika, kwa sababu zamani kushushwa kwake kulimaanisha adui anakuja.

Kisha kiongozi alipangiwa kazi. Neno lao provincia, ambalo baadaye likawa jina la jimbo, mwanzoni lilimaanisha kazi uliyokabidhiwa: vita na kabila fulani, ulinzi wa pwani fulani. Amri kuu ilikuwa pana, ila uliitumia kwa kazi ile.

Nataka tuangalie zile kamba, na jinsi zilivyolegezwa moja baada ya nyingine. Karibuni.

#2 Mwanachuo

Mkuu, nondo nzito. Swali langu: mafahali wawili hawakai zizi moja. Jeshi moja makamanda wawili wenye cheo sawa, si kujitafutia kifo?

#3 Mchimba Kale

Umegusa penyewe. Miaka mingi tatizo halikuonekana sana, kwa sababu kila konsuli alikwenda na jeshi lake na vita vyake. Wakikutana uwanja mmoja, walipokezana amri siku kwa siku. Ndivyo ilivyokuwa Cannae, kusini mwa Italia, mwaka 216 KK. Adui alikuwa Hannibal wa Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Polybius, Mgiriki aliyeandika historia hiyo katika karne iliyofuata, anasema Roma ilipeleka legioni 8, yaani vikosi vikubwa vya askari maelfu kila kimoja, pamoja na washirika wao. Konsuli Aemilius Paullus hakutaka kupigana kwenye tambarare ile, kwa sababu wapanda farasi wa Hannibal walikuwa bora. Konsuli Varro alitaka. Siku ya Varro ilipofika, alitoa jeshi. Hannibal aliwaacha wasonge katikati, akawazunguka pande zote, akawachinja. Mwandishi Livius anahesabu waliouawa karibu 48,000, na Polybius anataja idadi kubwa kuliko hiyo. Paullus alikufa palepale.

Lakini usione kwamba Warumi hawakuijua hatari hiyo. Kwa siku za dharura walikuwa na dawa yake: dikteta. Neno hilo leo linanuka, ila kwao lilikuwa cheo cha kisheria. Konsuli alimtaja mtu mmoja, naye akapewa malikta 24, yaani wa makonsuli wote wawili kwa pamoja, na wakuu wengine wote wakawa chini yake. Bei yake ilikuwa muda: miezi 6, basi. Wanamsimulia Cincinnatus, mwaka 458 KK, aliyefuatwa shambani kwake ng'ambo ya mto Tiber, akaenda kuliokoa jeshi lililozingirwa, akajiuzulu siku ya 16 na kurudi kwenye jembe lake. Hata kama simulizi imetiwa chumvi, inaonyesha walichokitaka kwa mtu mwenye shoka.

Na mwaka mmoja kabla ya Cannae yalitokea ambayo watu huyapita. Dikteta Fabius Maximus alikuwa anamchosha Hannibal kwa kumfuata bila kupigana. Wananchi walichoka, wakampandisha msaidizi wake, Minucius, awe na amri sawa na yake. Yaani waliona udikteta nao wauweke mafahali wawili! Minucius akachukua nusu ya jeshi, akaingia kwenye mtego, na Fabius ndiye aliyekwenda kumtoa. Livius anasema Minucius alirudi na askari wake mpaka kambini kwa Fabius, akamwita baba.

#4 Koplo Mstaafu

Nawasalimu wote. Mimi si msomi wa historia, nimelitumikia jeshi tu. Habari ya wakubwa nimeielewa. Nataka kujua ya chini. Amri ya jenerali haina maana kama haimfikii askari aliye lindoni saa tisa usiku, anasinzia, mvua inanyesha, na hakuna anayemwona. Nimelinda lindo hilo. Wenzetu hawa walimshikaje mtu yule?

#5 Mchimba Kale

Shikamoo mzee wangu. Polybius anajibu swali lako kana kwamba alikusikia.

Kila lindo la usiku lilikabidhiwa kibao kidogo chenye alama. Kila usiku wapanda farasi wanne walipewa karatasi ya amri kutoka kwa tribuni wa jeshi, ofisa wa juu wa legioni: malindo yapi, zamu ipi. Mkaguzi alizunguka na wenzake wa kumshuhudia. Akikuta mlinzi macho, anachukua kibao. Akikuta amelala au ameondoka, hamwamshi wala hamgombezi, anawaambia mashahidi waone, anaendelea na njia yake. Alfajiri vibao vinahesabiwa mbele ya tribuni. Kikikosekana kimoja, alama inaonyesha ni lindo gani. Anaitwa mkuu wa kikosi kile na walinzi wake, wanakutanishwa na mkaguzi ana kwa ana. Na kama mkaguzi hakuita mashahidi, kosa linamgeukia yeye.

Mwenye hatia alipelekwa mbele ya baraza la matribuni. Tribuni alimgusa kwa gongo, kumgusa tu, kisha kambi nzima ikamshukia kwa magongo na mawe. Wengi walifia hapo. Aliyenusurika hakuwa na pa kwenda, maana hata ndugu zake hawakuthubutu kumpokea. Mzee, naamini umeshaona siri iliyopo: waliompiga ni wale ambao maisha yao yalikuwa mikononi mwake alipolala.

Mshipa wa amri ile ulikuwa akida, ofisa aliyeongoza askari bega kwa bega nao. Legioni ya wakati wa Polybius ilikuwa na maakida 60, wawili kwa kila kikosi. Nimeisoma mara nyingi sehemu anayoeleza sifa zao. Anasema Warumi hawakutafuta mtu jasiri wa kukimbilia hatari, walitafuta mtu mtulivu, mzito wa kuyumba, asiyeanzisha vurugu, lakini akizidiwa yuko tayari kufia pale aliposimama. Mkononi alishika fimbo ya mzabibu, na aliitumia. Mwandishi Tacitus anamtaja akida Lucilius ambaye askari walimpachika jina "Lete Nyingine", kwa sababu alikuwa akiivunja fimbo mgongoni mwa askari, anadai nyingine, na nyingine tena. Majeshi ya Pannonia, jimbo la kwenye mto Danube, yalipoasi mwaka 14 BK, walimuua.

#6 Mwinjilisti

Mtoa mada, umeniamshia jambo. Neno akida sisi tunalijua kutoka kwenye Biblia yetu ya Kiswahili. Akida wa Kapernaumu alipomwendea Yesu juu ya mtumishi wake mgonjwa, hakujisifu kwa cheo. Alisema yeye pia ni mtu aliye chini ya mamlaka, na ana askari chini yake, akimwambia huyu nenda anakwenda. Nimehubiri somo lile miaka mingi, lakini leo ndipo nimeelewa kwa nini alianza na "chini ya mamlaka" kabla ya kusema "chini yangu".

Na Paulo je? Alipokuwa anafungwa kamba achapwe kule Yerusalemu, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa, na jemadari mwenyewe akaogopa. Baadaye akaomba rufani kwa Kaisari. Hiyo ndiyo ile rufaa uliyoitaja mwanzo?

#7 Mchimba Kale

Mtumishi, ni ukoo huohuo. Rufaa ile ya zamani iliishia mpakani, mahali shoka lilipochomolewa. Katika karne ya 2 KK zilitungwa sheria zilizoitwa za Porcius, zikaisogeza kinga ya raia: asichapwe wala kuuawa ovyo hata akiwa mbali na Roma. Paulo alisimama juu ya haki iliyokuwa na umri wa karne kadhaa. Ila angalia kilichobadilika. Babu zao walikata rufaa kwa wananchi. Paulo anakata rufaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye pia bwana wa majeshi yote. Katikati ya hapo ndipo kisa chetu kilipo.

Kabla sijaendelea, nimalizie jambo la mzee Koplo kuhusu ukali, kwa sababu ulikuwa na pande mbili. Mwaka 340 KK konsuli Titus Manlius alipiga marufuku mtu yeyote kutoka kwenye safu kupigana na adui peke yake. Mwanawe alichokozwa, akatoka, akamuua adui, akarudi na nyara kumpelekea baba. Baba akaliita jeshi likusanyike, akaamuru mtoto akatwe kichwa mbele yao. Warumi waliisimulia habari ile vizazi na vizazi, na hawakuisimulia kwa furaha. Vijana walikataa kwenda kumlaki Manlius aliporudi mshindi.

Miaka kumi na mitano hivi baadaye, dikteta Papirius Cursor alitaka kumuua msaidizi wake Fabius Rullianus kwa kosa kama lile: alipigana bila ruhusa, akashinda. Safari hii Fabius alikimbilia Roma. Baba yake akaomba msaada wa wananchi na watetezi wao, viongozi waliochaguliwa kuwalinda. Papirius akawauliza: mkimwachia huyu, kesho nani atamtii jenerali, au akida, au sheria yoyote? Hakuna aliyekuwa na jibu. Hawakumpinga, walimpigia magoti, naye akamsamehe kama zawadi kwa watu wa Roma. Amri ikabaki nzima na kijana akaishi. Kwangu mimi hapo Roma ilikuwa na akili zake zote.

#8 Binti wa Forodhani

Hongera kwa uzi kaka, lakini naona unazunguka mbuyu. Tuambie iliharibikia wapi. Vitabu vya shule vinasema Caesar. Mimi nasema Gaius Marius, mwaka 107 KK. Kabla yake mtu aliingia jeshini akiwa na mali, ana shamba la kurudia. Marius alipokuwa anakusanya watu wa kwenda Numidia, Afrika Kaskazini, kupigana na mfalme Jugurtha, aliandikisha hata wasio na chochote. Askari wa namna hiyo vita vikiisha anaenda wapi? Anamtegemea jenerali wake ampatie ardhi. Siku jenerali akigombana na nchi, atamfuata nani? Tumbo limeshajibu.

#9 Mchimba Kale

Dada, hoja yako ina nguvu, na njaa ya ardhi sitaikana. Ila kiwango cha mali kilikuwa kimeshushwa tangu kabla ya Marius, na wapo makapuku wengi duniani wasiovamia mji mkuu wao. Mimi nautafuta ufa nyuma zaidi, mahali ambapo hakuna aliyehisi kwamba kuna kitu kimepasuka.

Mwaka 327 KK konsuli Publilius Philo alikuwa anauzingira mji wa Wagiriki, Neapolis, ambao ndio Napoli ya leo. Mwaka wake ukakaribia kuisha na mji uko karibu kuanguka. Kumrudisha ingekuwa hasara tupu. Wakaamua aendelee mahali pa konsuli mpaka vita viishe. Mwaka 326 KK mji ukasalimu amri, kila mtu akafurahi. Tazama walichofanya: kamba ya muda imelegezwa, kwa sababu njema kabisa. Cheo kimeachana na mamlaka. Sasa mtu anaweza kuwa na amri kuu bila kuwa kiongozi wa mwaka ule.

Kisha Hispania. Baba na ami wa Scipio waliuawa huko, na wananchi wakampa Scipio jeshi akiwa na umri wa miaka 24 au 25, hajawahi kuwa konsuli wala pretori, cheo cha chini ya konsuli chenye amri kuu pia. Sababu njema tena! Ndiye aliyevuka kuja Afrika mwaka 204 KK na kumshinda Hannibal pale Zama mwaka 202 KK. Ungemkatalia?

Vita vikazidi kuwa mbali: Hispania, Ugiriki, Asia. Mwaka mmoja haukutosha hata kufika na kuzoea. Mapretori waliongezwa, wakafika 6 mwaka 197 KK, lakini hawakutosheleza. Kwa hiyo Marius aliwakuta askari wamekwisha kuzoea jenerali wa miaka mingi, na wewe unasema kweli kwamba yeye aliwaongezea njaa. Mimi naona njaa ilikuta mlango umeshaachwa wazi.

#10 Binti wa Forodhani

Sikubali yote, lakini la Neapolis sikuwa nalijua. Basi tufike kwa Sulla.

#11 Mchimba Kale

Tufike. Mwaka 88 KK konsuli Sulla alikuwa na legioni 6 kusini, karibu na Nola, tayari kwenda mashariki kupigana na mfalme Mithridates. Vita vyenye utajiri. Kule Roma mtetezi wa watu, Sulpicius, akapitisha sheria inayomnyang'anya Sulla kazi ile na kumpa Marius, mzee wa karibu miaka 70, raia asiye na cheo. Kwa kura halali, kwa wananchi walewale wenye haki ya kutoa amri kuu.

Marius akatuma matribuni kwenda kulipokea jeshi. Askari wakawapiga mawe mpaka wakafa. Sulla alipowaambia askari wake waelekee Roma, maofisa wake wote walimwacha, isipokuwa mmoja. Mmoja! Askari wa kawaida walibaki. Dada, hapa ninakupa haki yako: waliohofia nchi walikuwa watu wenye mali, na waliohofia kupitwa na nyara walikuwa wale unaowasema.

Jeshi likavuka pomerio likiwa na silaha. Ni mara ya kwanza jeshi la Roma kuiteka Roma. Baadaye Sulla alijifanya dikteta bila kikomo cha miezi 6, cheo ambacho hakikuwa kimetumika tangu siku za Hannibal, akatunga sheria za kuwazuia magavana wasitoke na majeshi nje ya majimbo yao. Aliwakataza wengine njia aliyoipitia yeye, na kila mtu alikuwa ameshaiona.

Nitapita haraka kwa jenerali Pompeius, ingawa kuna jambo moja siwezi kuliacha. Mwaka 67 KK maharamia walikuwa wameibana bahari mpaka nafaka ikapanda bei Roma. Sheria ya Gabinius ikampa Pompeius amri juu ya bahari yote ya Mediterania na pwani zake mpaka maili 50 za Kirumi ndani, kama kilomita 74, kwa miaka 3. Seneti karibu yote ilipinga. Bei ya nafaka ilishuka mara tu alipotajwa, kabla hajapanda hata merikebu, na maharamia waliisha katika miezi 3. Nani atakushukuru ukitetea mipaka ya mamlaka siku mkate unapokuwa wa bei nafuu? Hiyo ilikuwa kamba ya mahali nayo imekwenda.

#12 Mwanachuo

Na Caesar?

#13 Mchimba Kale

Kwa Caesar nina picha mbili, zote za mpakani.

Mwaka 60 KK alirudi kutoka Hispania akiwa na haki ya gwaride la ushindi. Kwa sheria, jenerali aliyevuka pomerio alipoteza amri kuu, isipokuwa siku ya gwaride lake, kwa hiyo alitakiwa kusubiri nje. Lakini siku za kujiandikisha kugombea ukonsuli zilikuwa zinaisha, na kujiandikisha kulitaka uingie mjini mwenyewe. Aliomba aruhusiwe kugombea bila kuwepo. Akakataliwa. Caesar akaliacha gwaride, heshima ambayo Mrumi angeilia machozi, akavuka kama raia wa kawaida. Mpaka ule ulikuwa bado unauma.

Miaka 11 baadaye, Januari 49 KK, baada ya vita vya Galia, Ufaransa ya leo na jirani zake, aliambiwa tena aweke amri chini aje kama raia. Maadui zake walikuwa wanamsubiri kwa mashtaka. Safari hii alivuka mto Rubicon, mpaka wa jimbo lake, akiwa na legioni ya 13.

Na jeshi lake lilikuwa jeshi la namna gani, linajulikana kwa neno moja. Mwaka 47 KK askari wake wa siku nyingi waligoma wakitaka kuachiwa. Akawatokea, akawaita "Quirites", yaani raia, badala ya kuwaita askari. Wakapiga kelele kwamba wao ni askari wake! Fikiria: kuitwa raia wa Roma kumegeuka kuwa tusi la kumliza mtu mzima.

#14 Koplo Mstaafu

Hilo la mwisho limenigusa. Mwanajeshi akivua sare anajisikia uchi, nalijua. Lakini nchi inayomfanya aone haya kuwa raia, hiyo imeshapoteza jeshi lake.

#15 Mchimba Kale

Mzee, umelisema vizuri kuliko mimi.

Niende kwa Augustus, mrithi wa Caesar, maana yeye ndiye aliyezikusanya kamba zote zilizokatwa akazificha chini ya zulia. Hakujiita mfalme wala dikteta. Alilichukua neno imperator, lile la kushangiliwa na askari, akalifanya jina lake la kwanza. Mwaka 27 KK "aliirudisha jamhuri", na Seneti ikampa majimbo yenye majeshi mengi. Aliyatawala kupitia manaibu, malegati, ambao walipigana vita kwa amri yake, si yao. Wakishinda, ushindi wa nani? Wa mwenye amri. Wa mwisho nje ya ukoo wa Augustus kufanya gwaride la ushindi alikuwa Cornelius Balbus, mwaka 19 KK, kwa vita vyake na Wagaramante katika jangwa la Libya ya leo.

Afrika ilikuwa ya mwisho kwa jambo jingine pia. Jimbo la Afrika, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, liliendelea kuwa chini ya gavana wa Seneti mwenye legioni yake kamili, wakati majimbo mengine ya Seneti yalikwisha kunyang'anywa majeshi. Kaizari Caligula ndiye aliyeitoa legioni ile mkononi mwa gavana na kumpa legati wake.

Ila tarehe ninayoiona nzito kuliko zote ni 23 KK. Mwaka huo Seneti iliamua kwamba amri kuu ya Augustus isikome anapovuka pomerio, wala isihitaji kupewa upya anapotoka. Na magavana wote wakawa chini yake. Hakuna damu iliyomwagika siku hiyo, hakuna mto uliovukwa. Mstari ule uliokuwa ukichomoa mashoka kwa karne nyingi ukaacha kumhusu mtu mmoja.

Walioufuata utaratibu huo waligundua jambo ambalo Tacitus analiita siri ya utawala: Kaizari anaweza kutengenezwa mahali pengine, si lazima Roma. Mwaka 69 BK walitokea wanne. Wa nne, Vespasianus, alishangiliwa kwanza Alexandria, Misri, tarehe 1 Julai, na siku hiyo ndiyo aliyoihesabu kuwa mwanzo wa utawala wake, ingawa Seneti ilikuja kumthibitisha miezi kadhaa baadaye.

#16 Mwanachuo

Swali la mwisho mkuu. Ule mpaka wenyewe, ile desturi ya kuvua mavazi ya vita mlangoni, ilikufa kabisa? Na kulikuwa na Kaizari kutoka Afrika, nimewahi kusikia.

#17 Mchimba Kale

Maswali yako mawili yana jibu moja.

Machi 193 BK walinzi wa Kaizari walimuua Pertinax, wakaunadi ufalme kambini kwao. Didius Julianus alipandisha mpaka sarafu za sesterti 25,000 kwa kila askari, akapewa. Majeshi ya mipakani yalikataa. Mmoja wa waliotangazwa na majeshi yao alikuwa Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, katika Libya ya leo, aliyekuwa gavana kwenye mto Danube. Akaja Roma kwa mwendo wa haraka. Julianus aliuawa kabla hajafika, baada ya siku 66 tu.

Cassius Dio alikuwa seneta na aliishuhudia siku ile. Anasema mji ulipambwa kwa maua na majani, watu wamevaa nguo nyeupe, mienge na uvumba vinawaka. Severus alifika mpaka kwenye lango akiwa juu ya farasi, amevaa mavazi ya mpanda farasi wa vita. Pale langoni akashuka, akavaa nguo za raia kama desturi ilivyotaka, akaingia kwa miguu. Nyuma yake, ndani ya mji, likaingia jeshi lake lote, wa miguu na wa farasi, na silaha zao kamili.